KAMBA YA DEMANI

Karani mwenzangu wa bara aliniuliza juzi kwa nini mlingoti wa jahazi la Lamu umeinama mbele. Alidhani ni kosa la fundi. Sikumcheka, maana mimi nami siku ya kwanza nilidhani hivyo hivyo.

Tanga halifungwi katika mlingoti wenyewe. Hufungwa katika foromali, mti mrefu ulalao mshazari, ambao mara nyingi ni miti miwili au zaidi iliyounganishwa na kukazwa kwa kamba. Foromali hupandishwa kwa henza, kamba nene ipitayo katika kichwa cha mlingoti. Na henza huvutwa kwa jarari, ambayo hupita katika makapi ili kupunguza uzito. Basi mlingoti ukiinama mbele, foromali huning'inia mbali nao kidogo, ikapata nafasi ya kuzungushwa.

Nafasi hiyo ina kazi kubwa. Jahazi likitaka kugeuza tanga, kwa desturi haliukabili upepo, bali huupa mgongo. Demani, yaani kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, hufunguliwa. Tanga hupepea mbele kama bendera. Foromali husimamishwa karibu na mlingoti, ikapitishwa mbele yake mpaka upande wa pili. Kisha demani hufungwa tena. Siku hizi kamba za nailoni zimeshika mahali pa zile za makumbi, lakini kazi ni ile ile.

Demani naijua vizuri kuliko zote, kwa aibu. Katika safari yangu ya kwanza niliona kamba imefungwa pembeni, nikaweka sanduku langu juu yake, nikaketi. Mara ikaja dharuba ya kusi. Chombo kililala upande, maji yakafika ukingoni, na abiria wakaanza kumtaja Mungu. Kijana mmoja wa kama miaka 16 alinisukuma mimi na sanduku langu pasipo kuniomba radhi, akaifungua kamba ile. Tanga likaachia upepo, chombo kikainuka.

Nahodha hakunikemea. Alisema tu, "Bwana karani, hapo hukaa mtu aliye macho."

Tangu siku hiyo, kabla sijaketi katika chombo chochote, huuliza kwanza: hii ni kamba ya nini?