Damu Ilitolewa kwa Kiswahili

Mama yule tulikaa naye benchi moja kliniki, mwanawe wa miaka saba amelala mapajani, macho ya mtoto yamegeuka njano kama kiini cha yai. Tulizungumza mambo ya foleni: nauli, ada, mvua. Aliposikia kwamba naandika habari za afya, alinigeukia. "Mwanangu, basi niulizie. Huyu alitolewa damu ya utafiti mara mbili, akiwa mchanga, na tena alipoanza kutembea. Nikasaini. Mpaka leo sijui walikuta nini."

Sikuwa na jibu. Swali lake ndilo lililozaa toleo hili. Tumewaomba wahadhiri wa tiba watueleze wanachokichunguza, bila orodha ya vyeo wala ya machapisho. Tuliwauliza mambo mawili tu: ni ugonjwa gani unaokukosesha usingizi, na ni nani ameshaambiwa ulichogundua? La kwanza lilijibiwa upesi. La pili ndilo lililotuchelewesha.

Anayedhani kwamba profesa akichagua la kuchunguza ni shauri lake mwenyewe, na atazame selimundu. Jina lenyewe linaeleza ugonjwa. Chini ya hadubini, seli nyekundu ya damu ambayo ingekuwa duara huonekana imejipinda na kuchongoka kama mundu wa kuvunia mpunga. Seli za namna hiyo hukwama kwenye mishipa myembamba. Mtoto huvimba vidole vya mikono na miguu, hulia usiku kucha, na nyumbani watu huanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huu, na ni nchi chache sana duniani zinazotuzidi.

Mwaka 2004, Julie Makani na wenzake pale Muhimbili walianza kuwaandikisha wagonjwa hawa na kuwafuatilia mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Walipochapisha matokeo kuhusu vifo mwaka 2011, daftari lao lilikuwa na wagonjwa zaidi ya 1,700. Lilionyesha kwamba hatari ya kufa ni kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka mitano, na kwa wale ambao damu yao imepungua mno. Utafiti ukaendelea hadi kwenye vinasaba vya hemoglobini F, ile anayoitumia mtoto akiwa tumboni, ambayo ikibaki kwa wingi humpunguzia mgonjwa makali. Dawa ya haidroksiyurea huipandisha. Hivyo ndivyo swali la maabara linavyomfikia mzazi likiwa kidonge mkononi. Lakini inahitajika miaka, na mtu asiyechoka na swali lake pale mradi unapokwisha.

Shule ya tiba ya Muhimbili, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1963, ambayo ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, ina habari nyingi za aina hii. Katika miaka ya 1990, wajawazito 1,078 wenye VVU walikubali kushiriki jaribio la vitamini jijini. Matokeo yaliyotoka mwaka 1998 yalionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini ulipunguza mimba kuharibika na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2007, jaribio la chanjo ya VVU lilianza na watu 60 waliojitolea kutoka miongoni mwa askari polisi wa Dar es Salaam. Nawataja kwa heshima, kwa sababu bila mikono yao iliyonyooshwa hakuna profesa ambaye angekuwa na la kuandika.

Na mikono hiyo iliombwa kwa Kiswahili. Maadili ya utafiti yanataka mshiriki aelewe anachokubali, kwa hiyo fomu ya ridhaa huandikwa kwa lugha yake, tena muuguzi humsomea asiyejua kusoma. Kisha sampuli huingia maabara, na kinachotoka huko ni makala ya Kiingereza.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubeba mambo haya. Sikubali. Kama maneno yalitosha kuomba damu, yanatosha kueleza damu ile ilionyesha nini.

Kuna matokeo mengine ambayo hayana kazi yoyote yasipofika jikoni. Wataalamu wa meno, wakiwemo wa Muhimbili, waliona meno ya kahawia hata kwa watoto wa sehemu ambako maji hayana floridi nyingi. Walipofuatilia, njia iliwafikisha kwenye floridi iliyomo katika magadi, yale yanayotiwa chunguni ili makande na maharage yalainike haraka. Anayeshika chungu hicho hasomi majarida ya meno ya Ulaya. Ni bibi, au binti aliyetumwa dukani.

Najua wahadhiri wamebanwa. Mfadhili hulipia sampuli, na chuo hupandisha cheo kwa kuhesabu makala zilizotoka katika majarida ya kimataifa. Siku ya kurudi kwa washiriki haimo kwenye bajeti. Basi iwekwe. Kamati za maadili zinazodai fomu ya Kiswahili kabla ya utafiti zina uwezo wa kudai maelezo ya Kiswahili baada yake, na vyuo viyahesabu kuwa kazi ya kitaaluma. Ukurasa mmoja unatosha, ubandikwe ukutani palepale damu ilipotolewa.

Nakala ya kwanza ya toleo hili nitampelekea mama yule. Jibu la damu ya mwanawe bado halimo.