Msibomoe ule ua, na msinifungie nje pia

Wasee, video ya ile nyumba ya zamani ya Mhindi hapa Voi, yenye duka mbele na ua nyuma, imewagawanya. Nusu yenu mnasema ibomolewe zijengwe bedsita. Nusu mnataka iwe hoteli ya watalii wa Tsavo. Mimi nakataa zote mbili.

Mnajua kwetu ni Mwanda. Huko juu ukungu unaingia mpaka jikoni, ukijenga nyumba yenye ua wazi katikati watu watakuombea. Voi ni hadithi nyingine. Saa nane mchana bedsita yangu ya mabati ni jiko, laptopu inajizima. Lakini kwa ule ua, siku mlinzi akiniruhusu kurekodi, kuna upepo bila feni. Hewa moto inapanda na kutokea juu, ya vyumbani kwenye kivuli inavutwa kujaza nafasi yake. Wagujarati walijenga haveli zao hivyo kwa sababu kwao pia jua halina huruma, na waliofungua maduka huku walikuja na akili hiyo.

Kuna aliyekomenti kwamba nyumba ya aina hiyo ikishachoka imekufa. Aende Unguja. Mwaka jana nilisimama ndani ya Dispensari ya Zamani, pale Mizingani, nikasahau hata kuwasha kamera. Jiwe la msingi liliwekwa 1887 na Tharia Topan, tajiri Mhindi aliyewahi kusimamia forodha ya Sultani. Alifariki 1891, mjane wake akaimalizia 1894. Chini dawa, juu makazi, katikati ua na roshani za mbao zilizochongwa mpaka unajiuliza fundi alikuwa analala saa ngapi. Na tusijifanye: huyu mzee ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Kuna pembe za ndovu na migongo ya wapagazi ndani ya huo utajiri. Nyumba ikibaki, na hilo litasimuliwa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilichakaa vibaya. Miaka ya 1990 shirika la utamaduni la Aga Khan likaifufua, ikawa kituo cha utamaduni.

Hapa ndipo panaponiuma. Nilisomea ujenzi mpaka mwaka wa pili, karo ikaniangusha. Kwa miaka hiyo miwili hakuna mtu aliyenitajia chokaa. Ni saruji, saruji, saruji. Kumbe ukuta wa zamani wa mawe na chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka. Ukiupiga plasta ya saruji umeufunga mdomo, unaozea ndani huku nje unang'aa. Kurekebisha hizi nyumba ni kazi ya mafundi wanaojua, na vijana wa mjengo tumejaa hapa stendi tukisubiri kuitwa kubeba kokoto.

Na nyumba hazisubiri. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani la 1883, upande mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya ukarabati. Watu wawili walikufa.

Sasa nyinyi wa hoteli. Mji Mkongwe na Lamu nimeona nyumba zilizorekebishwa fiti kabisa, halafu ili ukae uani lazima ununue juisi ya bei ya chakula changu cha siku mbili. Mtoto wa jirani anapita nje akichungulia. Kuta zimepona, mtaa umefukuzwa.

Ninachotaka mimi: duka la mbele likodishwe, kodi yake itunze paa. Vyumba vya pembeni viwe studio na karakana ya kufundisha chokaa na uselemala. Ua ubaki wazi, jioni tuweke projekta.

Najua bedsita 20 zitamlipa mwenye nyumba zaidi, sitadanganya. Ndiyo maana kaunti impunguzie ada za ardhi akikubali kutobomoa. Huwezi kumwambia mtu atunze historia yetu kwa mfuko wake peke yake.

Jumamosi saa kumi jioni niko pale barazani na tripodi. Kama babu yako aliwahi kushona nguo pale, au nyanya yako alinunua leso za harusi kwa hilo duka, waleteni. Na picha za zamani pia, hata zilizoliwa na mende.