Usipoziba Ufa: Funzo Kutoka Molise

Wengi wetu tukisikia Italia tunafikiria Roma na majumba yake. Hebu leo twendeni mashambani kwao, mkoa wa Molise.

Mkoa huo ulitengwa na Abruzzo mwaka wa 1963, na sasa wote mzima hauna hata watu 300,000. Zamani wachungaji walipita hapo kila vuli wakiswaga kondoo kutoka milimani Abruzzo hadi tambarare za Puglia, kwa njia za nyasi zenye upana wa mita 111 hivi. Siku hizi vijiji vya huko mlimani vina mabasi machache. Usipokuwa na gari lako, utangoja mpaka uchoke. Vijana wamehama, wazee wamebaki, na shule zinafungwa kwa kukosa watoto.

Mwaka wa 2019 serikali ya mkoa ilitangaza kumlipa euro 700 kwa mwezi, kwa miaka 3, mtu atakayehamia kijiji chenye watu wasiofika 2,000 na kufungua biashara. Lo! Kulipwa ili ukae kijijini!

Mimi naona dawa hiyo ilichelewa. Kijana huhama akikosa usafiri, kazi na shule. Mpe hivyo mapema, atakaa bila kuhongwa.

Kwetu matatu hupita asubuhi na jioni tu, na darasani kila mtu anataja Nairobi. Viongozi wetu, tuleteeni barabara na kazi tungali hapa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.