Mtalii wa baiskeli tumpindishe kidogo

MTALII wa baiskeli anayetoka Tunduma hushika lami zaidi ya kilometa 200 hadi Sumbawanga, kisha akapitiliza Mpanda. Anatuachia pesa ya soda tu.

Tumpindishe. Ipo barabara ya Sumbawanga–Matai–Kasanga, kilometa 112 hadi Ziwa Tanganyika, na huko ndiko anakochepukia maporomoko ya Kalambo, maji yaangukayo zaidi ya meta 200 mpakani na Zambia. Upande mwingine, juu ya mji, upo msitu wa Mbizi.

Mwenye gari huenda Kalambo na kurudi siku hiyo hiyo, chakula chake kikiwa kwenye boksi. Wa baiskeli hawezi. Lazima ale, tena ale sana, na alale kijijini. Huyo ndiye mteja wa maharage, mayai na asali kwa bei ya rejareja, si ile ya mlanguzi wa lumbesa.

Hahitaji hoteli. Anataka chumba safi, maji ya kuoga na fundi wa pancha (hao tunao tele). Halmashauri za Kalambo na Sumbawanga zianze na kibao njiapanda, na wahusika watangaze kiingilio mapema. Mgeni akidaiwa mara mbili, hata wenzake hatutawaona.