UZALENDO WA KIUCHUMI SI KUMNYANG'ANYA JIRANI DUKA LAKE



Kuna usemi mtamu unaopendwa sana majukwaani na barazani: uzalendo wa kiuchumi. Lakini ukimuuliza msemaji ana maana gani, mara nyingi jibu ni moja tu: "Wageni waondoke, maduka yawe yetu!" Je, huo ndio uzalendo? Sisi tunasema hapana, na ushahidi hatuutafuti mbali. Uko Uganda.

Tusidanganyane, malalamiko yalikuwa ya kweli. Wakati wa Mwingereza, Mwafrika alilima pamba, lakini viwanda vya kuichambua na sehemu kubwa ya maduka vilikuwa mikononi mwa Waasia na Wazungu. Ndiyo maana mwaka 1959 watu wa Buganda waligomea maduka ya Waasia, na mwaka 1969 serikali ya Obote ikatunga sheria ya leseni kuwabana wafanyabiashara wasio raia. Mwananchi kudai nafasi katika uchumi wa nchi yake ni haki yake.

Kisha akaja Idi Amin. Mwezi Agosti 1972 alitangaza kuwafukuza Waasia akawapa siku 90. Akaiita Vita vya Uchumi! Hata wengi waliokuwa raia walikataliwa uraia wao. Makumi ya maelfu waliondoka, Wahindu, Wagoa na Waislamu pia. Maduka, nyumba na viwanda vikagawiwa askari na watu waliokuwa karibu na utawala. Wananchi wakawabandika jina: mafuta mingi.

Matokeo yake ni nini? Bidhaa ziliuzwa mpaka rafu zikabaki tupu, na wengi wa wenye duka wapya hawakujua mzigo mwingine unaagizwa wapi. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikaporomoka. Nchi inayolima miwa, watu wake wakapanga foleni ya sukari! Sabuni ikawa bidhaa ya magendo. Miaka ya 1980 na 1990 serikali zilizofuata zikawaita wenye mali warudi, na Kakira ikafufuliwa na familia ileile ya Madhvani. Hebu tuulizane: vita hiyo alishinda nani? Mkulima wa Busoga alipata nini?

Wapo wanaosema Amin alikuwa Muislamu mwenzetu, basi tumsitiri. Ndugu zangu, dhulma ni dhulma! Mali ya mtu haiwi halali kwa sababu aliyeichukua anaswali safu moja na sisi. Mkumbukeni Abdulrahman bin Auf, aliyehamia Madina akiwa mikono mitupu. Saad bin Rabii, mwenyeji wake, alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye alimuombea baraka, kisha akaomba aoneshwe soko lilipo. Mwenyeji hakumfungia mgeni mlango, na mgeni hakutaka cha bure.

Hatusemi nchi isiwalinde watu wake. Julai 2025 Tanzania iliwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo kutengeneza simu, saluni na uwakala wa kutuma pesa. Hiyo ni amri ya kisheria, si uporaji, na kila nchi ina haki ya kupanga mambo yake. Lakini amri humpa kijana nafasi tu. Haimpi ujuzi, mtaji wala uaminifu. Asiyejua kufungua simu leo hataijua kesho eti kwa kuwa fundi wa kigeni amefunga kibanda. Tena tukumbuke kuwa sisi nasi tuna watoto wanaochuuza ng'ambo ya mpaka. Kila jirani akifunga mlango wake, watauza wapi?

Basi kipimo chetu kiwe hiki: baada ya kelele zote, je, tumezalisha zaidi, au tumebadilisha tu jina la mwenye duka?

Wazazi, wafundisheni watoto hesabu za biashara na ufundi wa mikono. Wanafunzi, msidharau kiwanda kidogo. Tuunganishe mitaji yetu bila riba. Tununue sabuni na viatu vya kwetu, na mtengenezaji naye asitupunje uzito. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kufukuza watu, lakini hatutalazimika kuwaomba radhi wajukuu.

Wabillahi tawfiq.