Kanda Zitoke Kama Zilivyorekodiwa

Kuna hoja inayopata nguvu siku hizi miongoni mwa wapenzi wa dansi, nayo ndiyo iliyolifanya toleo hili liandikwe kwa hamaki zaidi ya kawaida. Inasema kwamba kanda za bendi zilizolala kwenye maktaba ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), ambayo leo iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), zisitolewe kwa umma mpaka zimesafishwa. Wenye hoja hawamaanishi kufuta vumbi. Wanataka sauti ya mwimbaji itenganishwe na gitaa, gitaa litenganishwe na tumba kwa programu mpya za kompyuta, kisha kila kitu kichanganywe upya, besi ipandishwe, tarumbeta zirudishwe nyuma kidogo, na wimbo utoke ukiwa na kifua cha kushindana na muziki wa sasa. Wanaosema hivyo wanaupenda muziki huu, na baadhi yao wameutumikia kuliko wengi wetu. Hata hivyo wamekosea, na kosa lao likikubaliwa litaharibu kitu ambacho hakuna bendi itakayoweza kukirudisha.

Tuanze na namna kanda hizo zilivyopatikana. Studio ya RTD pale Barabara ya Pugu haikuwa na mitambo ya kurekodi kila chombo kwenye njia yake. Bendi nzima iliingia chumbani, ikapiga kwa pamoja, maikrofoni chache zikanasa kila kitu, na sauti zikaenda moja kwa moja kwenye utepe wa robo inchi zikiwa zimekwisha kuchanganyika. Mwimbaji kusogea hatua moja, mpiga saksafoni kugeuza mgongo, amplifaya ya solo kushushwa: hayo ndiyo yaliyokuwa kuchanganya sauti. Kiongozi wa bendi na fundi mitambo walisikilizana, wakarudia, wakaridhika. Kwa hiyo mtu anayesema leo kwamba anataka kuuchanganya upya wimbo wa Mlimani Park au wa NUTA Jazz anazungumzia kitu kisichokuwepo. Hakuna njia nane au kumi na sita zinazosubiri kufunguliwa. Ipo moja, nayo ndiyo kazi yenyewe.

Hapo ndipo wengi hutaja Beatles. Ni mfano mzuri, ila unawageukia. Mwaka 2003 ilitoka Let It Be... Naked, ambayo iliondoa mapambo aliyoyaongeza Phil Spector kwenye albamu ya 1970. Mwaka 2021 ikatolewa rasmi ile miksi ya Glyn Johns iliyokataliwa enzi hizo. Waliofanya kazi hizo walikuwa na kanda za njia nyingi, na kila walichokifanya kinaweza kulinganishwa na kilichotangulia kwa sababu kilichotangulia kipo sokoni, kila nyumba inacho. Hata Now and Then ya mwaka 2023, iliyochomoa sauti ya John Lennon kutoka kwenye kaseti kwa msaada wa kompyuta, ilitoka baada ya mashabiki kuwa na nakala za kaseti ile kwa miaka mingi. Sisi tunaombwa kuanza na toleo lililotengenezwa upya, na kanda halisi ibaki kabatini. Msikilizaji atajuaje kilichobadilishwa?

Lakini hoja yangu kubwa haiko kwenye heshima kwa fundi wa zamani. Iko kwenye ushahidi. Kwa miaka mingi bendi za Dar es Salaam, na nyingi za mikoani zilizosafiri kuja Dar, zilirekodi katika jengo lile lile, kwa vifaa vinavyofanana, chini ya mafundi ambao hawakubadilika mara kwa mara. Bendi ya mkoani ilikaa pale ambapo bendi ya jiji ilikaa wiki iliyotangulia. Maana yake ni kwamba tofauti unayoisikia kati ya Msondo, yaani NUTA, na Sikinde, yaani Mlimani Park, au kati ya Vijana Jazz na Maquis, haitokani na studio. Ni ya wanamuziki wenyewe. Sijui mji mwingine wa Afrika Mashariki uliojipatia kipimo cha namna hiyo bila kukitafuta. Nairobi haikukipata, kwa kuwa kampuni zilikuwa nyingi na kila moja ilikuwa na studio na ladha yake.

Mchukueni Muhiddin Maalim Gurumo, mtoto wa Masaki, Kisarawe, jirani yetu kabisa hapa Dutumi. Aliimba na NUTA tangu 1964, akaenda Mlimani Park ilipoanzishwa 1978, akahamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, kisha akarudi Msondo na kudumu nayo mpaka alipostaafu mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ni koo moja na bendi tatu. Hassani Bitchuka naye alipita njia inayokaribia hiyo. Ukizisikiliza kanda hizo zikiwa hazijaguswa, unasikia jinsi Gurumo anavyobanwa na magitaa ya Mlimani yanayosukana, na jinsi anavyoachiwa nafasi pana pale Msondo, ambako tarumbeta hungoja amalize sentensi ndipo zijibu. Unasikia Michael Enoch akilipanga kundi lake la Mlimani kwa namna ambayo sauti ya kwanza na ya pili zinakaribia kulingana. Hebu mwagize fundi wa leo apandishe sauti ya Gurumo katika rekodi zote, kwa nia njema, ili ajulikane. Atakuwa amefuta swali lenyewe. Kila bendi itampa Gurumo yule yule aliye mbele, na sisi tutabaki kubishana Msondo na Sikinde kwa ushabiki wa majina tu.

Kwa msomaji wa Uzaramo jambo hili lina uzito wa ziada. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo kabla haijawa mtindo wa bendi. Msondo pia ulipigwa kwa wali wetu kabla haujapandishwa jukwaani Dar es Salaam. Hayo yanajulikana Dutumi, Mlandizi, Magindu na Maneromango, hayahitaji kuelezwa. Kinachobishaniwa ni kiasi. Wapo wanaoshikilia kwamba bendi zilichukua jina peke yake, ngoma zikabaki vijijini, na kilichosikika mjini kilikuwa rumba ya Kongo iliyotiwa Kiswahili. Wapo wanaoamini, nami ni mmoja wao, kwamba mapigo yenyewe yaliingia, na kwamba yanasikika wazi zaidi kwenye chemko, pale beti zinapokwisha, kiitikio kinaposhika na tumba inapoacha kufuata gitaa la ridhimu na kuanza kuliongoza. Ubishi huo utaamuliwa na uhusiano wa tumba na ridhimu ndani ya kanda: ipi iko mbele, kwa kiasi gani, na inabadilika wapi. Mtu akiipandisha tumba kwa sababu anataka ngoma isikike, atakuwa ametupa sisi ushindi usio na thamani. Akiishusha ili gitaa la Joseph Mulenga wa Mlimani Park ling'are, atakuwa amewapa wapinzani wetu ushindi wa namna hiyo hiyo. Afadhali tushindwe kwa kanda halisi.

Kuna sababu nyingine ya kuzitaka kanda hizi zote, pamoja na zile ambazo nyimbo zake tayari ziliuzwa. Tanzania haikuwahi kuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Waliotaka santuri walizipata Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa kati ya 1977 na 1983 hata njia hiyo ikawa ngumu. Santuri ndogo ya Nairobi iliugawa wimbo sehemu mbili: upande wa kwanza beti, upande wa pili chemko, na katikati msikilizaji anainuka kugeuza. Kanda ya redio haikuwa na kisu hicho. Wimbo ulipigwa mfululizo, na ule mpito kutoka beti kwenda chemko, ambao kwa maoni yangu ndio sanaa kuu ya dansi la Tanzania, ulihifadhiwa mzima. Anayemjua Mbaraka Mwinshehe kwa santuri za Nairobi peke yake amezoea kumsikia akikatwa mahali ambapo kampuni ilihitaji kumkata. Ni kweli pia kwamba redio ilikuwa na mkono wake, kwa sababu mashairi yalipitiwa kabla ya bendi kuruhusiwa kurekodi, na maneno ya ukumbini hayakuwa lazima yawe maneno ya kanda. Hiyo ni sababu ya kuhifadhi kila toleo la kila wimbo, na kadi yake yenye tarehe na majina ya waliopiga.

Pingamizi linalorudiwa zaidi ni la ubora. Tunaambiwa kwamba vijana hawatavumilia mvumo wa utepe na sauti iliyobanana mahali pamoja. Jibu liko kwenye rafu za watu wengine. Miaka ya 1990 albamu iitwayo Sikinde ilitolewa na Africassette ya Detroit, na nyingine iitwayo Sungi ikatolewa na Popular African Music ya Frankfurt, zote za Mlimani Park na zote kutokana na rekodi za RTD. Mwaka 2007 Buda Musique ya Ufaransa ikatoa juzuu ya tatu ya Zanzibara, yenye bendi za miaka ya 1960. Hakuna aliyezirudisha dukani akilalamikia mvumo. Inauma kwamba mtu wa Detroit aliweza kuzisikia nyimbo hizo zikiwa zimetulia, na mtu wa Mlandizi akabaki na nakala ya nakala iliyonaswa redioni kwa kaseti. Tatizo la ubora tunalolijua hapa limezaliwa na nakala hizo, na watu wanaihukumu kanda mama kwa makosa ya wajukuu wake.

Hata hivyo sipingi kila aina ya ukarabati. Kanda ikichezwa kwa kasi isiyo yake, wimbo unapanda au kushuka, na mpiga gitaa anayejifunza nyumbani analazimika kukaza au kulegeza nyuzi zake kufuata kosa la mashine. Hilo lirekebishwe. Kichwa cha mashine kikipinda, sauti za juu zinafifia, na hilo ni la kurekebisha kabla ya kunakili, si baada. Utepe wa asetati ukianza kunuka siki unaoza, na unyevu wa Dar es Salaam hauusaidii, kwa hiyo kanda za namna hiyo zitangulie foleni bila kujali umaarufu wa bendi. Kazi hizo zote zinairudisha sauti pale ilipokuwa siku ya kurekodiwa. Kupandisha besi kunaipeleka mahali ambapo haikuwahi kuwa. Mpaka huo unaonekana vizuri, na anayetaka kuuvuka avuke baadaye, kwenye nakala yake, kanda halisi ikiwa tayari mikononi mwa kila mtu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la wanamuziki. Bendi iliporekodi RTD ilipata kusikika. Mrabaha haukuwa sehemu ya mapatano ambayo wengi wao waliyajua. Wengi wamekwisha kufariki: Marijani Rajab mwaka 1995, Michael Enoch mwaka 2004, Gurumo mwaka 2014. Kutoa kanda zao bila kuzilipa familia kungekuwa kuendeleza dhuluma kwa jina la utamaduni. Ila wanaotumia hoja hii kuchelewesha kila kitu wanapaswa kuulizwa familia zimepata nini kwa kanda kukaa kabatini. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya 1999 inamtambua mpigaji na mwimbaji, si mtunzi peke yake. Toleo lisiloguswa, lenye kadi yake, linaonyesha nani alipiga nini. Toleo lililotenganishwa na kuundwa upya linamleta mdai mwingine, yule aliyelitengeneza, na mjane wa mpiga tumba anasogezwa nyuma kwenye foleni. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya fedha, kanda halisi ndiyo inayomlinda.

Jitihada zimekuwepo. Mwaka 2012 Tanzania Heritage Project ilichangisha fedha kwa umma ili kuzigeuza kanda hizo kuwa za dijitali, na makadirio yaliyotangazwa wakati ule yalikuwa saa 100,000 za sauti, hotuba na ngoma zikiwemo. Ukubwa wa namba hiyo umewatisha watu kuliko ulivyowasaidia. Muziki wa dansi ni sehemu tu ya hazina hiyo, na unaweza kufanywa kwa awamu.

Kurasa zinazofuata zinaanza na makala inayotetea kusafisha, imeandikwa vizuri, na nimeipa nafasi ya kwanza kwa sababu inastahili kujibiwa na wengi. Makala ya sheria isomwe polepole. Ile ya Sunburst, bendi ya roki ya Dar es Salaam iliyotoa Ave Africa mwaka 1976, inaonyesha linalowezekana: kampuni ya Strut ilizikusanya rekodi zao za 1973 hadi 1976 mwaka 2016, na kundi ambalo vijana wetu hawakuwahi kulisikia likapata wasikilizaji wapya kwa sauti yake ya zamani. Mazungumzo na wapigaji wa ngoma ya mdundiko ni mafupi kuliko tulivyotaka. Waliotuma orodha za nyimbo wanazozitafuta tumezichapa zote ukurasa wa mwisho, pamoja na jina la bendi na mwaka pale ulipotajwa, na nakala ya orodha hiyo inapelekwa TBC ikiwa na ombi moja: kanda hizo zinakiliwe kwa kasi sahihi, kadi zake zipigwe picha, na kingine chochote kisiguswe.