Macho yaliyoinama si ushahidi

Binti wa Kisukuma akiitwa na baba yake kuulizwa jambo, huja akapiga goti na kuitikia macho yakiwa chini. Akithubutu kumkazia mzazi macho, ataulizwa papo hapo: "Unanitolea macho, mimi mwenzio?" Kesho yake asubuhi binti huyo huyo yuko mbele ya mwalimu wa nidhamu, naye anafokewa: "Niangalie usoni ninapoongea na wewe!" Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Shinyanga. Nimeziona amri hizi mbili zikigongana kwa mtoto mmoja mara nyingi mno, na kila mara anayeumia ni mtoto.

Sisemi kwamba mwili hausemi. Unasema kutwa nzima. Mtu akimbetulia mwenzake mdomo pale gengeni, ugomvi umeshaanza na hakuna aliyetamka neno. Mkwe hupokea kikombe kwa mikono miwili. Mtoto akishika tama, bibi humwondoa mkono shavuni asije akaita msiba. Mama hujua mwanawe ana jambo kwa jinsi tu alivyotua ndoo. Lakini mama huyo ameishi naye tangu anyonye. Anaijua ndoo inavyotuliwa siku za kawaida. Mwalimu, polisi, hakimu au mtu wa jopo la usaili humwona mtu kwa dakika chache, tena siku ambayo mtu huyo ana hofu, kisha anatoa hukumu kana kwamba amemlea.

Katika shule moja niliyowahi kufundisha, fedha za mwanafunzi zilipotea bwenini. Wasichana wawili waliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, nami nilikuwa nikiandika kumbukumbu za kikao. Wa kwanza, aliyekulia mjini, alisimama wima, akamtazama kila mwalimu kwa zamu na kujibu bila kusita. Wa pili alikunja goti alipoingia. Muda wote alitazama kidole gumba cha mguu kilichokuwa kikichungulia kwenye raba yake, huku mikono ikisokota pindo la sweta. Kila alipoulizwa alijibu lile lile, kwa sauti ya chini: saa ile alikuwa kisimani, na matroni alimwona. Hakuna aliyetumwa kwenda kumwuliza matroni, ambaye ofisi yake ilikuwa hatua chache kutoka tulipokaa. Mwenyekiti alisema tu, "Huyu angekuwa msafi, angetuangalia." Akarudishwa nyumbani. Baadaye fedha zilikutwa ndani ya godoro la mwenye fedha, zimezama kwenye mchaniko alikokuwa amezificha. Binti aliporudi, mitihani ya muhula ilikuwa imeshampita.

Imani kwamba mwongo hakuangalii machoni imeenea duniani kote. Mwaka 2006 ilichapishwa kazi ya watafiti waliouliza watu wa nchi 58 wanamtambuaje mwongo, na jibu lililoongoza lilikuwa hilo hilo. Mwaka huo huo Charles Bond na Bella DePaulo, wanasaikolojia wa Marekani, walikusanya pamoja tafiti zilizopima watu zaidi ya 24,000 waliojaribu kutenganisha ukweli na uongo kwa kumtazama na kumsikiliza tu msemaji. Kwa wastani walipatia asilimia 54. Ukirusha sarafu utapatia 50. Na DePaulo na wenzake walipochambua dalili zenyewe mwaka 2003, kukwepesha macho hakukuonekana kuwa na uhusiano wa maana na uongo. Si ajabu. Mwongo naye amesikia kwamba anatakiwa akutazame usoni.

Hata hivyo, kwenye semina za ajira bado vijana wetu wanaambiwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na mwili, na maneno ni saba tu. Takwimu hiyo inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambamo watu walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, wakionyeshwa na picha za nyuso, kisha wakaulizwa msemaji ana hisia gani. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake inahusu hisia, si mazungumzo yote. Ingekuwa kweli kama inavyohubiriwa, tungeelewa habari ya Kichina kwa kumtazama mtangazaji.

Mahakamani jambo hili lina uzito zaidi. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka hakimu aandike maoni yake, kama anayo, kuhusu hali ya shahidi anapotoa ushahidi. Mfikirie bibi aliyetoka kijijini alfajiri, amepandishwa kizimbani, anahojiwa kwa Kiswahili ambacho kwake ni lugha ya pili, na anayemhoji ni mwanamume msomi aliyevaa suti. Akiinamisha macho, anampa mtu huyo heshima kubwa kuliko zote anazozijua. Ikiandikwa kwamba "alionekana kuficha jambo", heshima yake imegeuzwa kuwa kosa.

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita nawafundisha kumtazama mhojaji, kwa sababu wanahitaji kazi na najua jinsi alama za "kujiamini" zinavyotolewa. Inaniuma kuwafundisha hivyo. Mzigo huu si wao. Aliyepewa mamlaka ya kuhoji ndiye anayepaswa kujua kwamba anayehojiwa ana kwao.

Ninachoomba ni kidogo na hakihitaji bajeti. Katika kumbukumbu za kamati za nidhamu na majopo ya usaili, mwandishi aandike alichokiona, "aliinamisha macho", asiandike alichokihisi. Na kabla mwanafunzi hajasimamishwa masomo, ukurasa huo huo uonyeshe ni shahidi gani aliyeulizwa na alijibu nini. Kama hapo hapana kitu, mkuu wa shule asitie saini.